Mabafle ya Papa Vanessa

Nestor alikuwa amekaa juu ya dumu tupu nje ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi yake. Ndani walijaa watu wa ukoo mmoja wa Uvira, ambao hata majina yao yote hakuyajua, wakimzika shangazi yao. Shangazi alikuwa Uvira, Kongo, ndani ya sanduku. Wao walikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, ndani ya sebule ya Nestor. Katikati yao palikuwa na simu moja iliyounganishwa na televisheni, na mbao mbili nyembamba zilizoning'inia kutoka kwenye miti ya paa, zikitoa sauti ya mchungaji kana kwamba mchungaji mwenyewe amesimama pale penye kabati la vyombo. Mchungaji akisema tuombe, sebule nzima iliinama. Mchungaji akikohoa, watoto waligeuka kutazama ni nani aliyekohoa.

Nestor alikuwa amechoka, na tuliseme neno hilo mapema ili lisitusumbue baadaye. Haukuwa uchovu wa jembe. Ule anaufahamu, mtu analala nao na akiamka anaukuta umepungua. Huu ulikuwa uchovu wa mtu anayevua viatu mlangoni kwake na kukuta viatu vya watu wengine vimetangulia, wiki baada ya wiki, na wenye viatu wote wanalia.

Na alipozitengeneza mbao zile hakuwa na nia ya kumsaidia mtu yeyote. Hilo nalo lisemwe, maana siku hizi wanamsifu kanisani mpaka anaona haya. Alitaka kutazama mpira. Alitaka, baada ya kupalilia maharage yake tangu asubuhi, akae na mkewe Perpétue, watazame filamu ya mapigano au mechi, na sauti iwe sauti kweli, si ule mlio wa mbu unaotoka kwenye televisheni ya mitumba.

Alizipata Mbarara, mtaa wa Kakoba, siku aliyopeleka nyanya sokoni. Mafundi walikuwa wakibomoa dari ya nyumba moja, na vipande vya triplex, ule ubao mwembamba wa kubandikwa, vilikuwa vimetupwa kando ya barabara. Fundi mkuu alimtazama akivichagua, akivigonga kimoja kimoja kwa kidole na kutega sikio.

"Ssebo, hiyo mbao ni ya kuchoma tu," fundi akasema. "Wewe unapeleka wapi?"

"Ninaenda kuitengeneza bafle."

Fundi akacheka, akaita wenzake waje kumwona Mkongomani anayetaka kuimbisha dari. Nestor naye akacheka. Akavifunga vipande viwili nyuma ya boda boda, akapita navyo Kabingo vikipigwa na upepo mpaka dereva akamlaani.

Ujuzi wenyewe aliutoa kwenye video za simu, za watu wanaotengeneza bafle, yaani spika, bila sanduku. Unachukua spika ndogo iliyokufa karatasi yake, unaikata karatasi yote, unabaki na sumaku na ile koili yake inayotikisika. Koili unaigundisha kwenye ubao, na ubao mzima ndio unaokuwa spika. Kwa maneno ni rahisi. Mara ya kwanza aliigundisha katikati kabisa, na ubao ukalia kama sufuria. Akaibandua, akaisogeza pembeni kidogo, ukatulia. Akauegemeza ubao ukutani, na ukuta wa udongo ukaimeza sauti yote. Ndipo akautundika kwa nyuzi za nyavu za samaki alizoomba ziwani, mbali na ukuta, ukae huru. Pembe akazisugua ziwe mviringo. Akaupaka gundi ya seremala iliyochanganywa na maji. Sauti nzito mbao zile haziiwezi, kwa hiyo nyuma ya kabati aliweka spika kuukuu ya gari ndani ya boksi, nayo ikafanya kazi ya kunguruma. Sola na betri alikuwa navyo tangu zamani.

Ajabu ya spika za aina hii ni kwamba sauti haitoki mahali. Ukae mbele, ukae pembeni, usimame mlangoni au ukae uani unachambua mboga, unasikia vilevile, hakuna aliye karibu wala aliye mbali.

"Papa Vanessa," mkewe alimwambia wiki ile ya kwanza, "sasa hii tele inaongea mpaka mu jikoni. Nikisonga bugali naona ni kama bale bachezaji bananiangalia."

Zile zilikuwa siku nzuri. Hazikudumu.

Jirani yake Bienfait, shemasi wa kanisa lao, alifiwa na dada yake kule Kivu. Kwenda hakuwezekana, barabara zilikuwa za risasi. Ndugu wakaahidi kuonyesha maziko kwa simu. Nestor aliwakuta uani kwa Bienfait, watu wazima kwa watoto, wameisonga simu moja ndogo, kila mmoja akimsukuma mwenzake ili asikie, na mama mmoja analia huku akiuliza amesema nini, amesema nini. Huruma ikamshika. Akafungua mdomo, na hapo ndipo alipojichongea.

"Leteni hapa kwangu," alisema. "Fasi iko."

Mtu wa pwani angeona hakuna kosa hapo. Lakini kwa watu wa kwao, kilio kinapoanzia ndipo kinapomalizikia. Nyumba ambamo maiti alililiwa, hata kama maiti mwenyewe yuko mbali, ndiyo nyumba ya matanga. Moto wa nje unawashwa pale, mikeka inatandikwa pale, na siku ya kuondoa matanga ikifika, ni palepale. Huwezi kulilia kwa Nestor ukaenda kuondolea kwa Bienfait, ni kama kumwacha marehemu njiani. Na kuondoa matanga kunataka chakula, kunataka ndugu wafike. Huyu anamngoja kaka yake aliye Nairobi, yule anangoja mavuno. Matanga yanabaki wazi.

Basi Bienfait akalia kwa Nestor. Kisha akaja jirani wa Bienfait. Habari ikavuka kutoka kijiji hiki cha kambi hadi kile, kwamba kuna nyumba ambamo unamsikia mchungaji wa kwenu kama yupo. Siku moja Nestor alijaribu kudanganya kuwa betri imekufa. Mama mfiwa akaondoka bila neno, akarudi na betri ya watu kichwani. Tangu hapo hakujaribu tena. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wao hawakutwikwa makanda ya watu wote mfululizo.

Hivyo ndivyo alivyofika juu ya dumu lile, alasiri ya maziko ya shangazi wa Uvira. Na hapo ndipo boda boda ilipoingia uani, ikamshusha mzee mmoja mwenye koti na kofia, na Nestor akasimama kwa haraka iliyoangusha dumu. Alikuwa mzee Jean-Paul, baba mkubwa wa Néhémie, mchumba wa binti yake Vanessa. Amekuja kupanga siku ya dot, yaani mahari.

Néhémie alikuwa kijana wa Kivu kama wao, anaendesha boda boda huko Kakoba, mpole, na alimpenda Vanessa bila kuficha. Familia yake ilikuwa imepata safari ya Kanada na ndege ilikuwa karibu. Kabla hajapanda, dot ilitakiwa itolewe, mkono wa baba upokee mbele ya wazee, ili Vanessa abaki kambini akiwa mke anayengoja kuitwa na si msichana aliyeachwa. Tofauti ya mambo hayo mawili kila mama wa Nakivale anaijua. Wasichana waliobaki na ahadi za mdomo wamejaa, na simu zao siku hizi hazipokelewi.

Mzee Jean-Paul hakukaa. Aliutazama moto, akaitazama mikeka, akasikia vilio.

"Pole sana, Papa Vanessa. Nani amekufa?"

"Siyo wetu, muze. Ni wa bale bantu ba Uvira."

"Siyo wenu, na banalia kwenu?"

"Banalia hapa sababu ya mabafle."

"Na kile kilio chenye Néhémie alikuta hapa siku ingine?"

"Kile ni cha Bienfait."

"Kilimalizika?"

"Bado."

Mzee akavua kofia, akaifuta jasho, akaivaa tena. "Papa Vanessa, matanga ngapi iko wazi mu hii nyumba?"

Nestor alianza kuhesabu kwa vidole, akaona haya, akauficha mkono nyuma.

"Mi siko mutu mubaya," mzee akasema, na kweli hakuwa. "Huyu mutoto wenu tunamupenda. Lakini mu kwetu, mbuzi ya dot haipite fasi moto ya matanga inawaka. Bakizaa batoto, batalia tu. Nitakuja Jumamosi ya pili. Nikikuta nyumba iko safi, tutaongea. Nikikuta moto, nitageukia ku barabara."

Akapanda boda boda yake, akaondoka bila kunywa hata maji. Ndani, sebule ikaitikia amina.

Perpétue hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Nestor. Wafiwa walipoondoka alifagia kimya, akakusanya vikombe, kisha akasimama chini ya ubao mmoja akautazama.

"Ulisema ni ya kupumzikia," alisema. "Tangu lini tulipumzika?"

"Mama Vanessa, ningesema nini? Bantu banalia."

"Na mutoto wangu atalia lini? Akilia wangu, batakuja kumusikiliza mu mabafle?" Akageuka. "Dada yangu iko na salon kubwa ya kukaribishia bageni pale Kabingo. Tupokelee dot kule."

Vanessa, aliyekuwa akiosha vyombo nje, alijibu kabla ya baba yake. Alikuwa msichana wa maneno machache, na kila moja lilikuwa na uzito wake.

"Mama, mi nitatoka ku nyumba ya papa. Tulishakimbia nyumba moja. Nikitokea Kabingo, batasema nilikuwa mutoto wa kuokota."

Nestor alilazwa na maneno hayo na akaamshwa nayo.

Asubuhi akaanza kuzunguka. Aliacha shamba lake liliwe na magugu akapita nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu jambo ambalo halijawahi kuombwa, yaani waondoe matanga yao pamoja, kwa siku moja, Alhamisi kabla ya ile Jumamosi, kila mmoja alete alichonacho. Alitegemea matusi. Hakutukanwa. Bienfait alikubali akasema hata yeye alikuwa akitafuta mlango wa kutokea. Watu wa Uvira walinuna, maana yao yalikuwa mabichi, lakini wakakubali. Wengine walimpa chai. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia, "Papa, tulikuchosha," na Nestor akajikuta anakana, anasema hapana, hapana, kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi.

Aliyebaki ni Mama Pulchérie peke yake.

Huyu alikuwa mjane wa Kirundi, Mkatoliki, anayeuza dagaa karibu na kituo cha maji. Mwanawe Claude aliondoka Nakivale kutafuta njia ya kusini, akafika Malawi, akaugua, akafa. Marafiki zake wa huko walimzika, na mmoja wao aliyaonyesha maziko kwa simu, yakatazamwa kwa Nestor. Nestor aliikumbuka vizuri siku ile. Padri alisema maneno yake. Sanduku likashushwa. Mtu akainua koleo lenye udongo, na koleo likiwa juu, rezo ya simu ikakatika. Picha ikaganda pale. Mama Pulchérie aliitazama ile picha ya koleo lililosimama hewani mpaka betri ikaisha, na Jumapili iliyofuata alikuja kuuliza kama imerudi.

Nestor alimkuta akipanga dagaa zake mafungu mafungu, kitambaa cheusi bado kichwani. Akaeleza yote, habari ya Vanessa, ya Jumamosi, ya mzee na moto. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba Vanessa," alisema, "binti yako namwombea kila siku. Lakini matanga huondolewa ya mtu aliyezikwa. Mimi wangu hajazikwa."

"Mama, alizikwa. Sote tuliona."

"Mliona ninyi. Mimi niliona koleo." Akaendelea kupanga dagaa. "Udongo ukigonga sanduku, hapo ndipo moyo unakubali. Kabla ya hapo unabisha tu. Mimi huu wangu bado unabisha. Nikisikia mtu anapita nje jioni, unaniambia ni yeye. Sasa nitaganduka vipi?" Alitumia neno la kwao la kuondoa matanga, na sauti yake haikuwa ya hasira.

Nestor alijaribu. Aliipiga ile namba ya Malawi siku nzima, haikupatikana. Aliwatafuta Warundi wengine wenye ndugu kule, wakamwambia wale vijana walishatawanyika. Hakuna aliyekuwa na picha ya udongo, na ni nani angetunza picha ya udongo? Alirudi kwa mama mara ya pili kumwambia hivyo, na mama akamshukuru kwa kuhangaika, akamfungia dagaa wa kupeleka nyumbani, na jibu likabaki lilelile. Njiani Nestor alimchukia, kisha akajichukia yeye kwa kumchukia, na akafika kwake hana nguvu hata ya kufungua mlango.

Alhamisi ikafika. Watu walikuja na unga, maharage, ndizi, majani ya chai. Moto wa mwisho ukawashwa uani. Bienfait akasimama, akamtaja kila marehemu kwa jina, na kila jina likitajwa wenye mtu wao walisogea, wakanawa mikono katika beseni, wakavua vile vitambaa vya msiba, wakaitikia. Ilikuwa kazi ya taratibu na ya heshima. Nestor alisimama nyuma akiona nyumba yake inapungua uzito, jina baada ya jina, na hakuthubutu kufurahi.

Mama Pulchérie alikuja pia. Hakutaka kuwakosea. Alikaa kizingitini, kitambaa chake kichwani, na Bienfait alipouliza nani bado, aliinua mkono.

Wote walijua habari ya Jumamosi. Wengine wakaanza kumsihi, wengine wakaanza kunung'unika, na kijana mmoja wa Uvira akasema kwa sauti kwamba mama mmoja hawezi kufunga njia ya msichana. Vanessa akaingia ndani akifunika uso. Perpétue akamtazama mumewe, na katika macho yale Nestor alisoma kwamba hii sasa ni juu yako.

Kitu kikamkatikia.

"Nimechoka!" alisema, na sauti yake ilimshangaza hata yeye. "Bandugu, munanisikia? Nimechoka. Sikatai bantu kulia. Lakini mi siko makaburi!"

Akaingia sebuleni, akapanda juu ya benchi, akaanza kuushusha ubao wa kwanza. Kama chanzo ni mabafle, basi mabafle yatoke. Hakuzifungua nyuzi, alizivuta tu. Mti wa paa ukatikisika, na ule udongo wa juu ya ukuta, uliokauka kwa miaka, ukameguka. Bonge moja likaanguka juu ya ubao aliokuwa ameushika mlalo kifuani.

Du.

Likafuata jingine, na punje nyingi ndogo nyuma yake, zikimwagika juu ya triplex kwa mlio mzito, mkavu.

Pale kizingitini Mama Pulchérie alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama.

"Rudia," alisema.

Nestor akabaki juu ya benchi na vumbi kichwani.

"Baba, nakuomba. Rudia hiyo sauti." Na kabla hajajibiwa, "Hapana. Uilete nje. Nitafanya mimi."

Nestor akautoa ubao nje akaulaza chini, mbele ya nyumba. Sumaku iliuinua upande mmoja, kwa hiyo akachimba shimo dogo kwa jembe, ubao ukae sawa. Watu wakazunguka. Bienfait akasogea karibu na Nestor, akamnong'oneza kama hili si jambo la kipagani, kumzika mtu wa Mungu kwa bafle. Mama Pulchérie alimsikia.

"Shemasi, Mungu anajua mwanangu si triplex," alisema. "Na mimi pia najua. Niache."

Akapiga magoti. Akasali Baba Yetu, polepole, na Warundi wachache waliokuwepo wakamfuata. Kisha akachota udongo ule mwekundu kwa mikono miwili, akauinua juu, na kwa muda ukakaa pale hewani. Wote waliokuwa wamewahi kuiona picha ya Malawi waliacha kupumua. Akauachia.

Ubao ukalia kwa namna ile ile sanduku linavyolia. Sauti haikuja kutoka upande mmoja. Kila mtu aliyesimama pale aliisikia kwenye kifua chake.

Mama akatoa mlio mmoja, mrefu, ambao Nestor hakuwahi kuusikia katika vilio vyote vilivyopita kwake. Kisha akachota tena, na tena, akimwita Claude kwa majina ya utotoni, na sauti ya udongo ikazidi kuwa ndogo, maana sasa udongo ulikuwa unaangukia udongo. Mwishowe haukulia kabisa. Akaupapasa kwa viganja, akausawazisha. Akafungua kitambaa cheusi, akakikunja.

"Baba Vanessa," alisema, bado amepiga magoti, "mwanangu amezikwa. Waambie wakwe zako waje."

Watu wakashusha pumzi. Bienfait akayafunga matanga kwa sala, moto ukamwagiwa maji, wengine wakaanza kukunja mikeka na kuita watoto wao. Yamekwisha. Vanessa alitoka ndani, macho mekundu, akamkumbatia yule mama. Ilikuwa ni saa ya Nestor kufurahi, na alijua hivyo, akaingoja furaha ije.

Badala yake aliingia ndani akaushusha ule ubao wa pili. Safari hii alizifungua nyuzi moja moja. Akautoa, akaulaza kando ya wa kwanza, na Perpétue alipomwona anachota udongo alidhani anataka kuufukia tu ili aupoteze.

"Uache, Papa Vanessa. Utapasua kuni kesho."

Alikuwa ameinama, udongo umejaa viganja, na mikono haitaki kufunguka.

"Unamuzika nani?" Perpétue akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama," Nestor alisema.

Mama yake alifia Fizi wakati yeye yuko njiani anakimbia na watoto. Habari zilimkuta Nakivale, amesimama kwenye foleni ya chakula, kwa mdomo wa mtu aliyedhani anajua tayari. Aliendelea kusimama kwenye foleni, kwa sababu akitoka nafasi itachukuliwa. Hakukalia matanga. Wakati ule hakuwa na nyumba ya kukalia, turubai tu, na alipopata nyumba aliona jambo limepita muda wake, na baada ya hapo nyumba ikajaa vilio vya watu na chake kikakosa nafasi.

Akaufungua mkono. Ubao ukalia. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka.

Mama Pulchérie akaketi kando yake, akamwekea mkono mgongoni.

"Anza, baba," alimwambia. "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Leo kimeanza, leo hii kitakwisha, Jumamosi binti yako atatoka vizuri. Anza."

Nestor akalia. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Na watu waliokuwa wamefika barabarani waligeuka kutazama, wakarudi mmoja mmoja, na mikeka waliyokwisha kuikunja wakaitandika tena.